Maswali ya Lugha: Bahari inalia au inavuma?

Swali. *Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Pangani. Binti yangu yuko darasa la tano. Juzi amerudi na daftari lina alama ya kosa. Waliambiwa wataje sauti za vitu, yeye akaandika "mlio wa bahari". Mwalimu wake akakata kwa wino mwekundu, pembeni akaandika "mvumo", basi. Mtoto kalia. Mimi nikamwambia mlio na mvumo ni kitu kimoja, mwalimu kamwonea. Mama yake akasema si kimoja, lakini nilipomtaka anieleze tofauti akashindwa. Tumekubaliana tukuulize wewe. Na hapo hapo nina langu la siku nyingi. Wazee wanasema "Avumaye baharini papa, kumbe wengine wapo." Nimevua miaka ishirini, papa nimewatoa wengi, na sijamsikia hata mmoja akivuma. Hao wazee walimsikia wapi?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na binti, maana ndiye aliyelia. Mwambie kwamba masikio yake hayana kosa. Bahari aliisikia sawasawa, alichokosea ni kuchagua neno, na neno lenyewe linawashinda hata watu wazima wanaoandika magazetini. Mwalimu wake alikuwa na haki ya kukata. Ila natamani angeandika na sababu, hata mstari mmoja, kwa sababu wino mwekundu peke yake haumfundishi mtoto kitu isipokuwa woga. Nimesahihisha daftari za watoto miaka thelathini na miwili hapa Tanga, na yapo makosa niliyoyakata bila kuyaeleza ambayo mpaka leo yananiuma.

Tofauti ya mlio na mvumo sikuipata darasani. Niliipata baharini, usiku, nikiwa darasa la sita.

Mama yangu ni mtu wa Kigombe, na kaka yake alikuwa nahodha wa mashua ya kubeba nazi na makuti kuja Tanga mjini. Mama aliugua akalazwa mjini, ikabidi mimi na binamu yangu tuletwe kwa mashua hiyo. Mwezi ulikuwa haujatoka. Tulipofika mbele ya Tongoni, mjomba akatuambia tunyamaze. Mabaharia nao wakanyamaza. Foramali, ule mti unaobeba tanga, ilikuwa ikilia kwenye mlingoti, nyii, nyii, kila mashua ilipolala upande. Mjomba akasema, "Bana kamba hiyo, mlio ukome." Baharia akaibana, mlio ukakoma. Ndipo nikasikia kitu kingine, ambacho bila shaka kilikuwapo muda wote ule: sauti nene, haina mwanzo wala kituo, kama mtu anasaga mahindi kwa jiwe nyumba ya tatu. Nikauliza, "Mjomba, ni nini kinacholia?"

Akasema, "Hakilii. Huo ni mvumo. Mwamba unavuma." Kisha akaongeza maneno ambayo nimewasomea wanafunzi wangu wote waliopita mikononi mwangu: "Mlio una mwenyewe, mama. Mvumo hauna mwenyewe, una upande tu."

Na upande ndio alioutaka. Aliuweka ule mvumo mkono wake wa kulia, akaushika usukani, na tukaenda hivyo, mvumo kulia, giza kushoto, mpaka ukafifia nyuma yetu. Baadaye alitueleza kwamba ukiukaribia mwamba mno, mvumo hugawanyika. Unaanza kulisikia kila wimbi likipasuka peke yake, moja, kisha jingine. Hicho si mvumo tena, ni kishindo, na nahodha anayesikia kishindo cha mwamba usiku ameshachelewa. Mafungu ya mchanga na miamba ya huko si ya kuchezea. Mwaka 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama huko huko mbele ya Mtang'ata, upande huo huo wa Tongoni, na mwaka 1499 Wareno walipokuwa wakirudi kutoka India waliichoma moto pwani hiyo hiyo kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Sasa uyapime maneno kwa hilo la mjomba. Kengele inalia. Simu inalia. Bawaba ya mlango inalia, chura analia, bunduki inalia. Kila kimoja unaweza kukinyooshea kidole ukasema ni hiki. Sauti inatoka ndani ya kitu hicho, ina pa kuanzia na pa kuishia, kwa hiyo hata kuihesabu unaweza: ilisikika milio mitatu ya bunduki. Upepo je? Unavuma. Bahari inavuma, msitu unavuma, mkutano uliofurika watu ukiusikia kwa mbali unavuma. Hapo kidole hakina pa kuelekea. Sarufi inakuruhusu kusema "mivumo", lakini kaa barazani mwaka mzima uone kama utamsikia mtu akiitamka.

Tazama jinsi kitenzi chenyewe kinavyozaa. Kulia ni kwa jogoo mwenye koo na kwa mtu mwenye machozi, ndiyo maana mlio na kilio ni ndugu wa tumbo moja. Anayelia ana kinachomliza. Kuvuma hakuna machozi.

Wapo watakaoniuliza: mbona upepo nao huwa na mlio? Ni kweli, na jibu lake ni zuri. Upepo ukipenya kwenye tundu la mlango ukatoa sauti nyembamba kama ya filimbi, huo ni mlio, lakini ni mlio wa mlango. Umepata mwenyewe. Ukifungua mlango ukatoka nje, unakuta kusi linavuma juu ya minazi, na huwezi kusema ni mnazi upi.

Ninacho kipimo kingine, na hiki nilikipata kwa baba. Alikuwa mfanyakazi wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, kwenye shamba moja upande wa Muheza. Nyumba yetu ya kambini ilikuwa kama mita mia tatu kutoka hapo. Alfajiri king'ora kilikuwa kikilia, na kambi nzima ikaamka. Korona yenyewe ilianza kuvuma muda mfupi baadaye, na hakuna aliyegutuka kwa ajili yake. Ilivuma tukinywa uji, ikavuma tukienda shule na tukirudi. Hatukuisikia. Lakini siku ilipoharibika katikati ya kazi, mama alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye ungo wa mchele, mikono imesimama, anasema, "Imezimika." Nasi tukainua vichwa. Paa lilionekana kama limepanda juu. Hapo ndipo tulipojua kwamba tangu asubuhi tulikuwa tukiishi ndani ya sauti.

Basi nikawa nawaambia wanafunzi: mlio unaushtukia unapoanza, mvumo unaushtukia unapokoma. Wakitoka nje ya darasa walikuwa wakijaribu wenyewe, kwenye mashine ya kusaga, kwenye jenereta la jirani, kwenye feni ya ofisi ya mwalimu mkuu umeme ulipokatika. Sikuwahi kupata njia bora ya kulifundisha somo hili.

Maumbile nayo yanakubaliana na lugha. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi 20,000, na watu wazima hupungukiwa na zile za juu. Sauti nyembamba, yenye mitetemo mingi, humezwa na hewa upesi. Sauti nene husafiri. Usiku, hewa ya chini inapokuwa imepoa kuliko ya juu yake, sauti hupindishwa kurudi ardhini badala ya kupotelea angani, ndiyo maana ngoma ya usiku husikika mbali kuliko ya mchana. Nenda mwenyewe ukahakikishe. Ukiwa mbali na harusi, zumari huisikii wala vigelegele huvisikii. Unasikia mvumo tu, dum, kifuani kuliko masikioni. Kata mtaa mmoja, zumari inachomoza. Kata mwingine, unasikia chapuo ikilia juu ya ngoma kubwa, na sasa unaweza kusema nani anapiga nini. Mvumo ni sauti iliyoachana na mwenyewe njiani. Wazee waliotengeneza ngoma za pwani walilijua hili kwa masikio yao: ngoma ile ndogo, kali, ni chapuo, na ile yenye sauti nene inaitwa vumi.

Kuna siku moja Tanga hii ambapo mlio na mvumo vilisikika pamoja, na bibi yangu mzaa baba alikuwapo, mtoto mdogo aliyefichwa shambani na mama yake. Ilikuwa mapema Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walileta kwa meli wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, Wajerumani na askari wao Waafrika wakiwa kama 1,000 tu, na mapigano makali yakawa tarehe 4. Risasi zikachokoza mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka, wakawauma wa pande zote mbili bila kuchagua. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini. Bibi alikuwa akisimulia hivi: "Bunduki zilikuwa zikilia, ta, ta, ta, mama akizihesabu kwa vidole mgongoni kwangu. Mara nyuki wakavuma. Akaacha kuhesabu." Sijapata kuona mfano mwingine uliovitenganisha vitenzi hivi viwili vizuri kama huo, na bibi hakuwahi kukanyaga shule.

Nyuki mmoja hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Akiwa peke yake karibu na sikio lako, wengine watasema analia, wengine anavuma, na sitagombana na yeyote. Hali kadhalika pikipiki: ikipita mlangoni ni mlio, zikiwa kumi mbali barabara kuu ni mvumo. Ndege ya abiria huvuma, ila watu wengi husema "mlio wa ndege" na utaeleweka, ingawa msikilizaji anaweza kudhani ni kunguru. Maneno haya yana mpaka, na mpaka wenyewe ni kama ufuo, unasogea na maji. Lakini ufuo kusogea hakufanyi nchi kavu na bahari viwe kitu kimoja.

Sasa papa wako.

Hukumsikia kwa sababu hana cha kulilia. Hana koo la sauti, na hana hata kile kibofu cha hewa ambacho samaki wengine hukitumia kukoroma unapowatoa majini. Angekuwa na mlio, methali ingesema "aliaye". Imesema "avumaye", na hapo ndipo neno letu linapofungua mlango wa pili. Kilichovuma baharini ni jina lake. Jina la mtu likitajwa mbali, na watu wasiomjua, katika miji asiyoifika, hilo ni jina linalovuma, na ni sawasawa kabisa na ngoma ya usiku: mwenyewe humwoni, unapata kishindo cha sifa zake kikiwa kimeshaungana kuwa sauti moja nene. Kutokana na hapo tuna kuvumisha, yaani kueneza sifa au habari. Waliounda istilahi za sarufi wakachukua kitenzi hicho hicho wakatupa kivumishi, neno linalobeba sifa ya nomino. Binti yako akifika kwenye somo la vivumishi, mkumbushe papa.

Na kwako wewe mvuvi nina jambo ambalo nadhani utalipenda. Unalijua jarife, wavu wa macho makubwa wa kutegea papa kilindini. Kuanzia 2004 majarife ya wavuvi wa Tanga na Kigombe yalianza kutoa samaki mwingine, mkubwa, wa rangi ya buluu yenye madoa meupe, mapezi yake yana nyama kama miguu. Ni silikanti. Wataalamu walidhani ukoo wake ulikwisha duniani miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kumbe wengine walikuwa hapa, kwenye miteremko ya miamba mbele ya nyumba zetu, kimya. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga kwa ajili yao. Wavu ulitegewa anayevuma, ukamleta asiyevuma. Sidhani kama kuna methali nyingine iliyotimia neno kwa neno namna hiyo.

Lakini kuvuma si sifa njema tu. Mtoto wa pili wa kitenzi hiki ni uvumi, na huyu amenitoa machozi, kwa hiyo nimweleze.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwezi wa Juni, kusi limekaza. Mjomba alikwenda Pangani kupakia, akatarajiwa Kigombe Alhamisi. Ijumaa hakuonekana. Jumamosi asubuhi kukavuma kwamba mashua imezama, mbao zake zimeonekana. Nani kaziona? Aliyesema kaambiwa sokoni. Wa sokoni kaambiwa na abiria wa basi. Sisi tulitoka Muheza tukakuta jamvi limeshatandikwa, wanawake wamejaa ua, shangazi zangu wamefunga kanga kichwani. Bibi mzaa mama alikuwa amelazwa chumbani akipepewa, presha imempanda. Tulilia siku ile mpaka sauti zikakauka.

Jumapili, baada ya adhuhuri, mjomba akaja kwa miguu kutoka barabarani, viatu mkononi. Alikuwa amejibanza mdomoni mwa mto Pangani akingoja kusi lipungue, na upepo ulipokataa akaiacha mashua kwa mabaharia akaja kutupa habari. Alisimama kwenye kona ya ua akituangalia. Hakuna aliyepiga ukelele wala kigelegele. Akaketi kwenye jamvi la msiba wake mwenyewe, akauliza kwa upole, "Aliyeleta habari ni nani?" Huyu akamtaja yule, yule akamtaja mwingine, mpaka majina yakaisha na mtu hajapatikana. Mjomba akatikisa kichwa. Bibi hakupata tena kuwa mzima kama zamani, na mwaka uliofuata tulimzika.

Kwa hiyo nikisisitiza kwamba mlio una mwenyewe na mvumo hauna, sisemi la daftari peke yake. Vilio vya jamvi lile vilikuwa na wenyewe, ningeweza kumtaja kila mmoja kwa jina. Kilichoviita hakikuwa na mwenyewe. Siku hizi habari inakuja mkononi, kwenye simu, imeandikwa vizuri na picha juu, na watu wananitumia wakidhani kwamba kwa kuwa simu imelia basi habari ina mwenyewe. Simu ndiyo iliyolia. Habari inavuma tu.

Mpe binti yako daftari jipya, mwambie aandike: mlio wa kengele, mvumo wa bahari, kishindo cha wimbi. Vyote vitatu vipo hapo Pangani, aende mdomoni mwa mto jioni akavisikilize.

Swali. *Mwalimu wangu, nipo Korogwe, nilikuwa mwanafunzi wako. Ipi ni sahihi: "Ngoma ivumayo haidumu" au "Ngoma ikilia sana hupasuka"? Kwenye vikao vya harusi watu wanazitumia kama methali moja.*

Zote mbili ni sahihi, na si moja. Nimefurahi umeuliza mwezi huu, utaona jibu la juu linakusaidia.

Ngoma ivumayo husikiwa na walio mbali. Methali hiyo inazungumzia jambo lililofikia kilele cha sifa: biashara iliyojaza mji, kiongozi anayetajwa kila baraza, penzi ambalo mtaa mzima unalijua. Kinachoangaliwa ni muda. Kimevuma, basi kukoma kwake kuko karibu.

Ngoma iliayo sana iko hapa, mbele ya mpigaji. Umewahi kuona ngoma ikiandaliwa? Inapashwa moto wa makuti ngozi ikaze, mpigaji anaigonga kwa ncha ya kidole, inalia chini, anairudisha motoni, anaigonga tena, sasa inalia juu. Akizidisha moto, au akizidisha mkono, ngozi inachanika pale pale ilipowambwa. Methali hiyo ni onyo kwa anayepiga, na kwa mtoto anayecheza kupita kiasi: mama zetu walituambia hivyo tulipocheka sana jioni, na kweli baada ya dakika kumi mmoja alikuwa analia.

Kwenye kikao cha harusi basi, anayemwonya bwana harusi kuhusu matumizi aseme hiyo ya kupasuka. Hiyo ya kutodumu mbele ya maharusi ningeiacha kabisa, si mahali pake.

Na "Debe tupu haliachi kuvuma" nayo mara nyingi naisikia ikisemwa "haliachi kulia". Mimi nashika kuvuma. Debe likigongwa mara moja linalia, ni kweli. Lakini lililo tupu, sauti huendelea kuzunguka ndani baada ya mkono kuondoka, na huo ndio ubaya unaosemwa hapo. Lijaze maji uligonge uone.

Swali. *Ukelele na kelele ni neno moja au mawili? Msomaji wa Lushoto.*

Ni moja, umoja na wingi, kama ukuta na kuta. Ila matumizi yameyatenga. Ukelele ni sauti moja kali inayomtoka mtu kwa hofu au maumivu: alikanyaga moto akapiga ukelele. Kelele ni fujo ya sauti nyingi zisizotulia, na hapo hatufikirii tena umoja wake, ndiyo maana mlango nao una kelele katika ile methali ya mwenye nyumba asiyekoseshwa usingizi. Makelele ni kelele zilizomchosha msemaji.

Usichanganye ukelele na yowe. Yowe, au mayowe, hupigwa ili watu waje. Ukelele hutoka wenyewe, watu waje wasije. Katika insha ya mtoto, mama aliyeona nyoka apige ukelele kwanza, halafu akipata akili apige yowe, majirani watoke na fimbo.